Bei ya Nafuu

Maige alikuwa amekumbatia mtungi. Alipiga magoti kwenye kona ya chumba, mikono kaizungusha kwenye shingo ya mtungi wa maji, paji la uso kalibandika ubavuni mwake, pale udongo unapotoa ubaridi. Udongo ukishapata joto la kichwa chake alisogea kidogo, akatafuta mahali pengine. Tangu jua lichomoze alikuwa ameshauzunguka nusu nzima.

"Zimebaki?" aliuliza bila kugeuka.

"Ulimeza za mwisho jana," Wilhelmina alimjibu kwa sauti ya chini. Sauti ya juu ilimuumiza mumewe. Mwanga ulimuumiza pia, ndiyo maana dirisha lilizibwa kwa gunia.

"Basi nenda."

"Nakwenda. Nimalizie kuanika dagaa."

"Nenda tu, mama. Nenda."

Maige alikuwa mtu wa maboti. Siku moja boti la tajiri lilikuwa linapandishwa nchi kavu juu ya magogo. Gogo moja likateleza, likafyatuka, likampiga juu ya sikio. Alizimia, akazinduka, akacheka na wenzake. Tajiri alimletea pakti mbili za panadol na ndoo ya dagaa, akamwambia apumzike wiki nzima bila wasiwasi. Wiki ilipokwisha, nafasi yake botini ilikuwa na mtu mwingine, na kichwa ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza kuuma.

Zahanati ya Nyalubele ilijengwa kwa mawe ambayo wanakijiji waliyasomba wenyewe kutoka mlimani. Wilhelmina alibeba yake akiwa na mimba iliyokuja kuharibika. Ndani ya zahanati hiyo Jonathan, ambaye kwa cheti alikuwa tabibu lakini kijiji kizima kilimwita daktari, aliweka kidole juu ya sikio la Maige, akabonyeza, Maige akapiga kelele.

"Damu imevilia," daktari alisema. "Itajimaliza yenyewe. Mpe dawa za maumivu."

"Dawa zipo, daktari?"

"Dawa hamna. Mkanunue."

Hayo aliwaambia wote, wenye homa, wenye watoto wa kuharisha, wajawazito. Mtu akitoka mlangoni na jibu hilo, kitu cha kwanza kukiona ng'ambo ya barabara ni duka la dawa lililopakwa rangi ya bluu. Duka lilikuwa la Rose, mke wa daktari. Hilo halikuwa siri. Watu walilijua kama walivyojua upande ambao jua linatokea, na hakuna aliyeona sababu ya kulisema.

Kwa miezi iliyofuata Wilhelmina alijifunza dawa za kichwa kama wengine wanavyojifunza vitambaa. Alijua zile za sanduku zuri kutoka nje, zinazouzwa vidonge viwili kwa bei ya kilo ya sembe. Alijua zinazotengenezwa hapa nchini, nyeupe tupu, ambazo ukizitia mdomoni uchungu wake ni ule ule. Alijua diklo, ndogo na kali, iliyomtuliza Maige siku chache halafu ikamtapisha kitu cheusi kama masalia ya kahawa, hakuinunua tena. Aliuliza bei kivukoni Kamanga, akauliza kwenye gulio, akauliza kwa machinga wanaouza vidonge pamoja na nyembe na betri. Kila alipouliza, duka la Rose lilikuwa chini ya wote.

Hata mjini Mwanza. Alikuwa amevuka ziwa na gunia la dagaa, akaliuza sokoni Kirumba, kisha akaenda katikati ya mji kwenye famasi ya Pinal, kijana wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo na aliyeongea Kiswahili cha watu wa Mwanza. Wilhelmina alimwomba amwekee dawa zote za kichwa juu ya kioo ili azione.

Pinal aliziweka, bila kuonesha kuchoka. "Hii na hii, mama, ni kitu kimoja," alisema. "Hapa unalipia sanduku."

"Na hii ya chini kabisa?"

"Mia nane pakti."

"Kwetu naipata kwa mia nne."

Pinal alicheka, kisha akaacha kucheka. "Pakti nzima mia nne? Kwa bei hiyo hata mimi kiwandani sipati."

"Labda wanatuonea huruma."

Kijana aliyarudisha maboksi mahali pake moja moja. Halafu akauliza mgonjwa ni nani, na ameanza lini, na Wilhelmina akamweleza, gogo na mtungi na gunia la dirishani.

"Mama, hizi hazitamponya," Pinal alisema. "Huyo anatakiwa apigwe picha ya kichwa. Hospitali kubwa, siyo hapa. Haraka."

"Picha ni bei gani?"

Alimwambia. Wilhelmina alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa barabara ya kwenda nchi asiyokuwa na safari nayo, akashukuru, akatoka. Hakununua chochote. Kwa nini alipe mara mbili ya bei ya nyumbani?

Sasa, baada ya kuwaacha dagaa juani, alikwenda dukani kwa Rose na pesa ya Kirumba kwenye fundo la kanga. Rose hakuwepo. Aliyekuwa kaunta ni Sabina, binti wa mdogo wake Wilhelmina, aliyemaliza shule mwaka juzi na kupata kazi hiyo kwa kuombewa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nipe panadol ya baba yako mkubwa. Leo nachukua pakti nzima."

Sabina alishika mkasi. Dukani hapo dawa zilikatwa mbili mbili, au nne nne. "Nikukatie, mama mkubwa?"

"Ukate ya nini, na mimi nachukua zote?"

Msichana alitazama mlangoni, akatazama mkasi. Kisha akaiweka pakti nzima kaunta, haraka, akaifunika kwa kiganja mpaka mama yake mkubwa alipoitia kwenye kanga.

Nyumbani Maige alimeza viwili bila maji. Wilhelmina akakaa mlangoni penye mwanga, pakti mkononi. Pembeni mwa karatasi ile ya kung'aa, kwenye ncha ambayo siku zote mkasi ulibaki nayo, palikuwa na maandishi. Alikuwa ameishia darasa la saba. Alisoma polepole, akasoma tena. MALI YA SERIKALI. HAIUZWI.

Hakuwa mjinga. Alielewa mara moja bei ile ilikotoka, na kwa nini Pinal aliacha kucheka. Lakini kilichomjia hakikuwa hasira. Hasira ingekuja kama angekuwa na mahali pa kuipeleka. Alichokiona ni kwamba chini ya bei zote alizozunguka kuziuliza kulikuwa na bei moja zaidi. Dawa isiyouzwa ni dawa ya bure. Mtu akiiomba vizuri, bila kumtaja mtu, bila kumuudhi mtu, huenda akapewa. Na pesa ya vidonge ingeweza kuanza kukaa mahali, kidogo kidogo, mpaka iwe picha ya kichwa.

Alijifunga kanga nyingine, akavuka barabara.

Daktari Jonathan alikuwa peke yake chumbani, anaandika ujumbe kwenye simu. Wilhelmina alisubiri mpaka alipoinua macho.

"Habari za kazi, daktari."

"Nzuri, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, lakini bado. Daktari, nimekuja kuomba. Nimeona dawa kama hizi." Akaiweka pakti mezani, upande wa maandishi juu. "Wameandika haziuzwi. Nikasema kama zipo za namna hii, basi zikija nyingine, naomba mnifikirie. Mzee anameza nyingi."

Daktari aliitazama pakti. Hakuigusa. Uso wake haukubadilika. Ni mkono tu uliokuwa unaandika ulioacha kuandika.

"Umeitoa wapi hii, mama?"

Hapo Wilhelmina alimfikiria Sabina na kiganja chake. Akafikiria pia kwamba anayemwuliza ni mume wa mwenye duka, na kwamba ni vizuri kumwachia mtu heshima yake. "Nimeiokota tu, daktari."

"Umeiokota."

"Njiani."

"Sawa," Jonathan alisema, akatabasamu. "Umefanya vizuri kuja. Kaa nayo hiyo. Kesho nitakuita."

Wilhelmina alitoka akiwa mwepesi. Njiani alimsalimia kila mtu. Alimwambia Maige kuwa daktari ni mtu mwenye utu, ni vile tu hawakuwa wamemwendea vizuri.

Kesho yake, dagaa wakiwa ndiyo wanaanza kukauka, mgambo wawili walikuja na mtendaji wa kijiji, Luhaga. Hawakupekua sana. Waliulizia pakti, Wilhelmina akawapa mwenyewe, akidhani ndiyo kuitwa kulikoahidiwa. Walipomshika mkono ndipo alipoelewa. Maige alijikongoja mpaka mlangoni, macho kayafunika kwa kanga.

"Mnampeleka wapi?"

"Kaa na ugonjwa wako, mzee," mgambo mmoja alisema, bila ubaya.

Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza moja na benchi. Daktari alikaa upande wa meza pamoja na mtendaji. Rose alisimama dirishani, mkoba begani, kama mtu aliyepita tu.

"Wewe mama," Luhaga alianza, "hii ni mali ya serikali. Imetokaje zahanati mpaka kwako?"

"Nilinunua dukani kwa mama Rose, mtendaji. Mia nne."

"Jana ulimwambia daktari umeokota."

"Nilisema hivyo."

"Leo umenunua. Ukweli wako ni upi?"

"Nilinunua. Jana nilisema vile kwa heshima."

"Kwa heshima," Luhaga alirudia, akamtazama daktari. "Risiti iko wapi?"

"Risiti ya panadol, mtendaji?"

"Serikali kila siku inasema ukinunua dai risiti. Wewe hukudai. Haya. Wiki iliyopita zamu ya kupeleka maji zahanati ilikuwa ya nani?"

"Yetu, akina mama wa huku ziwani."

"Ndoo uliishia nayo mlangoni?"

"Pipa liko ndani."

"Na stoo iko wapi?"

Wilhelmina akasema kweli. "Iko karibu na pipa."

"Basi," alisema Luhaga, akajiegemeza kwenye kiti.

Walimwita Sabina. Aliingia na koti jeupe la dukani, akasimama mbali na benchi. Mtendaji alimuuliza kama anamjua mama huyu, akajibu ni mama yake mkubwa. Akamuuliza kama amewahi kumuuzia dawa hii. Rose, pale dirishani, alihamisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine.

Wilhelmina hakumtazama msichana. Alijua mshahara ule ulikuwa unalisha watu wangapi, maana na yeye alikuwa amekula mezani kwao. Alitamani tu lisemwe haraka.

"Sijawahi," Sabina alisema.

Mahabusu ya kijiji ilikuwa stoo ya chama cha pamba. Hakukuwa na pamba msimu ule, zilibaki chupa za viuatilifu na harufu iliyokaba koo. Wilhelmina alikaa sakafuni. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili kichwa chake mwenyewe kilianza kumgonga, hapo juu ya macho, na akajikuta anaupa kisogo mwanga wa mlangoni kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya. Alimwita mgambo.

"Baba, nakuomba. Zile dawa zilizobaki mpelekee mzee wangu. Hana kitu pale."

"Zile haziguswi, mama. Zile ni kidhibiti."

"Hata viwili."

"Nikigusa kidhibiti nitafungwa mimi." Aliona haya, akamletea maji.

Hakukuwa na polisi. Luhaga alieleza kuwa kesi ya mali ya serikali ikienda wilayani ni miaka, na mama ana mgonjwa. Daktari kwa utu wake amekubali yaishe kienyeji. Mama atalipa gharama za mgambo. Na ataomba radhi mbele ya kijiji, ili iwe fundisho. Gharama za mgambo zikawa mbuzi wake wawili na chanja zote za kuanikia dagaa, ambazo mtendaji alisema atamtafutia mnunuzi.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza la zahanati. Wilhelmina alisimama juu ya zege, karibu na ukuta wa mawe. Walikuwepo wanawake aliobeba nao maji. Walikuwepo waliotumwa na daktari kwenda kununua ng'ambo ya barabara, wakavuka na kununua. Vyumbani mwao, kama wangetafuta, wangekuta vipande vya karatasi ile ile inayong'aa. Walitazama chini. Mmoja wao alikuwa anamnyonyesha mtoto, akaendelea kumnyonyesha.

"Sema," Luhaga alimhimiza.

"Nimekosa," Wilhelmina alisema.

"Umekosa nini? Sema wasikie na wa nyuma."

"Nilichukua dawa za zahanati."

"Ukawafanya wenzako wakose."

Alisubiri, kana kwamba angeweza kuikwepa hiyo moja. Luhaga naye alisubiri.

"Nikawafanya wenzangu wakose."

Hapo daktari Jonathan alisimama, akanyoosha mikono kuzuia minong'ono. "Wazazi wangu," alisema, "sasa mmejua kwa nini mkija hapa nawaambia dawa hamna. Hainifurahishi. Lakini mimi sina roho mbaya. Mama huyu ana mgonjwa. Nimemsamehe, nanyi msamehe." Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na wachache waliopiga kwa moyo kabisa, kwa sababu hatimaye walikuwa wamepewa maelezo.

Wilhelmina alikwenda nyumbani bila mtu wa kumsindikiza. Uwanjani, mahali pa chanja, palibaki mashimo ya nguzo. Mlango ulikuwa wazi. Maige alikuwa amelala chini, kichwa amekifunga kwa kamba ya wavu, amekikaza mpaka kamba ikazama kwenye ngozi na nyama ya paji ikavimba pande zote mbili. Jirani alikuwa amemwachia uji; ulikuwa umeshika utando. Wilhelmina alijaribu kufungua fundo kwa vidole, akashindwa, akalikata kwa kisu cha samaki huku ameshikilia kichwa chake mapajani.

Maige alifungua jicho moja. Jingine lilifunguka nusu, likabaki linatazama pembeni.

"Umekuja, mayu," alisema. Mayu ndivyo alivyokuwa akimwita mama yake mzazi, aliyekufa zamani. Maneno yalitoka mazito, upande mmoja wa mdomo.

"Nimekuja."

"Kinaniuma."

"Najua."

"Nipe ile nyeupe."

Alimlaza, akainuka. Hakunawa uso. Alikopa pesa kidogo kwa jirani, akaifunga kwenye kanga, akatoka kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayekwenda dukani.

Rose alikuwepo siku hiyo, amekaa ndani kwenye kiti cha plastiki. Sabina alikuwa amesimama kaunta na rundo la pakti. Alikuwa anabonyeza vidonge kutoka kwenye karatasi zake za kung'aa, kimoja kimoja, vinadondoka juu ya sinia. Karatasi tupu alizitupa kwenye debe miguuni, ambalo jioni lingechomwa. Kisha alihesabu vidonge, akavifunga kwenye vipande vya daftari la shule. Vilikuwa vyeupe, havina jina wala alama. Mikono yake ilisimama alipomwona aliyeingia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nipe vinne."

Sabina alisogeza kifungu. Aliyetaja bei ni Rose, na ilikuwa mara mbili ya zamani.

"Imepanda, mama," Rose alisema kwa upole, kama anayempa pole. "Siku hizi ukaguzi umekuwa mkali. Wezi wametuharibia biashara."

Wilhelmina alifungua fundo la kanga. Pesa ilitosha vidonge viwili. Sabina alikifungua kifungu, akatoa viwili, akakifunga tena, taratibu sana, bila kuinua kichwa.

Mwanamke mgeni aliingia, ametoka zahanati, mtoto mgongoni amelegea kwa homa. Alisimama mlangoni anatweta, akatazama rafu, akatazama watu wa dukani, akamchagua Wilhelmina kwa sababu walifanana miguu, miguu mikavu isiyo na viatu.

"Dada, wamesema dawa hamna. Huyu kichwa kinachemka. Panadol hapa ni ghali? Au niteremke mpaka kivukoni?"

Rose aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Nunua hapa," Wilhelmina alisema. "Kwingine ni ghali."

Akasogea pembeni, ampishe kaunta.